Kikapu cha watu wawili: tuliyojifunza sokoni Iringa kuhusu kuwakutanisha watu wasiofahamiana

Ukitaka kuweka kazi ya sanaa sokoni au stendi ili watu wasiofahamiana wazungumze, usianze na swali la kuwauliza. Anza na kitu cha kuwashikisha mikononi. Nasema hivi mapema kwa sababu vijana wengi, hasa wanafunzi wa vyuo vya hapa Iringa, wananijia kuuliza habari za kile kikapu tulichowasukisha wapita njia sokoni, na wakifika kwangu unakuta wameshanunua plaiwudi ya ubao wa maswali.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Nimeandika majina ya maduka Mashine Tatu, Miomboni, Kihesa hadi Ipogolo; nimechora saluni, kuku wa kukaanga na nembo za shule. Kazi hii inakusimamisha juu ya ngazi barabarani kutwa nzima, na toka kule juu unaona jinsi watu wanavyopishana. Mji wetu una watu wa kila namna: wanafunzi, watumishi waliohamishiwa huku, Wakinga wenye maduka, Wabena na Wangoni waliokuja kutafuta riziki, madereva wa malori yanayopita barabara ya Zambia, watalii wanaoelekea Hifadhi ya Ruaha. Kusalimiana tunasalimiana. "Kamwene" hainyimwi mtu hapa. Lakini salamu ikishajibiwa kila mmoja anashika njia yake, na mimi nilitaka kujua kama kuna kitu kinachoweza kuwaweka watu pamoja dakika kumi zaidi ya hapo.

Tulipata ruzuku ndogo, tukaanza na ubao. Wazo nililitoa kwa Candy Chang, msanii aliyepaka rangi ya ubao kwenye ukuta wa nyumba iliyotelekezwa mjini New Orleans, Marekani, mwaka 2011, akaandika mara nyingi sentensi moja ya kumalizia: "Kabla sijafa nataka…" Wapita njia wakajaza kwa chaki, na baadaye kuta za aina hiyo zikaenea nchi zaidi ya 70. Niliposoma habari zake nilitetemeka kwa hamu. Nikanunua plaiwudi mbili kwa shilingi 90,000 na rangi nyeusi kwa 38,000, fundi akachukua 60,000 pamoja na mbao za kusimamishia, na chaki juu yake. Tukausimamisha karibu na Soko Kuu asubuhi yenye upepo wa mwezi wa sita, ule unaopenya sweta.

Bibi mmoja muuza mchicha aliomba asomewe. Aliposikia akaweka kisu chini. "Mwanangu, mbona unatuchuria?" Wenzake wakamuunga mkono, na walikuwa na haki. Sokoni pale kuna watu waliozika juzi. Kutaja kifo mbele ya biashara ya mtu asubuhi ni kumwondolea heri ya siku. Jioni ile ile nikafuta, nikaandika swali jingine: "Nani aliwahi kukusaidia bila kukufahamu?"

Hilo lilipokewa vizuri. Watu waliandika habari za kondakta aliyewasamehe nauli, za muuguzi wa zamu ya usiku, za mama aliyemnyonyesha mtoto wa mwenzake kwenye basi lililoharibika mlima Kitonga. Nilisoma nikiwa na machozi. Lakini ukikaa pembeni kutazama unaona wazi: mtu anafika, anasoma, anaandika, anapiga picha, anaondoka. Wawili wanaweza kusimama bega kwa bega mbele ya ubao, wakaandika mambo mazito ya maisha yao, wasitazamane. Ubao ulikuwa unapokea siri za watu vizuri sana, mazungumzo haukuyaleta. Kisha yakaja mengine. Mtu akaandika jina la mdeni wake na kiasi anachomdai. Mwingine akaandika jambo la kisiasa, na kwa kuwa uchaguzi haukuwa mbali, kesho yake tukaulizwa na ofisa mmoja ni nani aliyetutuma. Nilieleza, akaelewa, ila wale waliokuwa wameanza kutuzoea waliona tunahojiwa, nao wakakaa mbali.

Kabla ya kuendelea niseme jambo la vibali, maana hapa ndipo wengi wanapotezewa muda. Kazi ya sanaa ya kushirikisha watu hadharani inagusa watu wengi: uongozi wa soko au stendi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, ofisa utamaduni. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nao wana taratibu zao za usajili wa wasanii, kwa hiyo muulize ofisa utamaduni unahitaji nini kabla hujabandika tangazo lolote. Barua yangu ya kwanza ilipotea katika ofisi moja. Kila nikienda naambiwa iko mezani, na meza yenyewe siioni. Tangu hapo kila barua ninayopeleka ina nakala inayogongwa muhuri wa kupokelewa, na imeambatanishwa mchoro. Mchoro ndio ulionisaidia kuliko maneno yote. Ukiandika "sanaa shirikishi" mtu anafikiria mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti. Akiona mchoro wa wanawake wawili wamekaa kwenye vigoda na kikapu katikati, anauliza mtahitaji nafasi ya mita ngapi.

Kikapu chenyewe kilitoka pale pale karibu na ubao. Kuna mama kutoka upande wa Kalenga anayeuza vikapu vya milulu, yale majani marefu ya kusukia, hivi vya Kihehe vinavyojulikana nchi nzima. Siku moja mteja alimletea kikapu chenye mshikio uliokatika. Mama akaanza kuurekebisha, akamwambia mteja amshikie upande wa pili. Akapita dada mwingine, akaombwa ashike milulu isidondoke. Mpaka mshikio unaisha, wale wageni wawili walikuwa wameshajuana walikozaliwa, wamebishana bei ya mbolea, na mmoja alikuwa anamweleza mwenzake jinsi alivyoacha kazi ya ndani. Hakuna aliyewauliza swali. Nilikuwa nimetumia karibu laki mbili kutafuta jambo hilo, nalo lilikuwa linafanyika hatua chache kutoka kwenye ubao wangu.

Nikakumbuka kazi ya Suzanne Lacy, *The Crystal Quilt*, ya mwaka 1987 kule Minneapolis: wanawake 430 waliozidi umri wa miaka 60 walikaa kwenye meza ndani ya jengo la maduka wakizungumza juu ya kuzeeka, na ishara ikitolewa wote wanabadilisha mkao wa mikono yao juu ya meza. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ile mikono ni pambo la kutazamwa toka juu. Baada ya kumwona mama wa vikapu nikaanza kuiwaza upya. Nikawaza pia kazi ya hapa nyumbani, ya Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioanzisha sanaa za maonyesho kwa maendeleo Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wao walikaa na wanakijiji kwanza, wakatumia ngoma na michezo ya palepale, kisha mjadala ukatoka humo. Mimi nilikuwa nimeanza na sentensi iliyotoka New Orleans.

Tukakaa na mama huyo na mwenzake, tukatengeneza kikapu cha watu wawili. Kitako wanasuka wao. Kutoka hapo milulu ya kusimama inabaki imechanua pande zote, na kikapu ni kikubwa kiasi kwamba mtu mmoja hafikii mzunguko wote. Anayekaa upande huu anasuka nusu duara, kisha lazima ampe mwenzake uzi aendelee. Hapo hakuna ujanja, ni lazima umwambie kitu. "Vuta." "Umeruka mmoja." "Subiri, wangu umelegea." Maneno madogo ya kazi ndiyo yanayofungua mlango, mengine yanafuata yenyewe. Na macho yenu yako kwenye milulu, kwa hiyo huna haja ya kumkodolea mtu usiyemjua.

Niwape mambo ya vitendo tuliyoyapata kwa kulipia.

Wasukaji wanalipwa kwa siku. Tulilipa shilingi 15,000 kila mmoja, na chai ya saa nne na chakula cha mchana juu yetu. Ukilipa kwa kikapu, msukaji atataka kiishe, atawasukuma wageni wafanye haraka au atashika mwenyewe. Anayelipwa kwa siku ana subira ya kumwacha mtu akosee, afumue, arudie.

Vigoda viwe vya urefu mmoja, lakini weka na kiti kimoja cha kawaida. Mzee mwenye magoti mabovu hatasema hawezi kukaa chini. Atasema ana haraka. Weka kitenge au khanga safi pembeni kwa dada aliyevaa sketi fupi. Tulipoongeza khanga mbili tu wasichana wa chuo walianza kukaa.

Saa nazo zina maana. Asubuhi soko ni la kununua na kuuza, usimsumbue mtu. Kuanzia saa tisa alasiri jua limepungua makali, wauzaji wamepumua, wanafunzi wanatoka madarasani. Milulu mikavu inyunyiziwe maji mara kwa mara, la sivyo inakatika mikononi mwa mgeni naye anaona aibu, anaondoka.

Usipige picha mwanzoni. Kamera ikitokea watu wanajipanga, wanacheka kicheko cha picha, na wengine wanauliza posho iko wapi, maana wamezoea kuona miradi inayopiga picha ina hela. Swali la posho ni halali, ulijibu bila kununa: hatulipi anayekaa dakika kumi, tunamlipa msukaji anayefundisha kutwa, na tukiuza picha au kuonyesha mahali tutakuomba ruhusa kwanza.

Wanaume walikuwa kazi. "Hiyo ni ya akina mama," walisema, wakasimama mbali mikono mfukoni. Sikuwabembeleza. Aliyevunja ukuta ni mzee mmoja wa Ilula aliyekuja mjini kufuata dawa. Alisimama akatazama, akasema enzi zao vijana walisuka matenga ya nyanya kwa mianzi, na kwamba huyu binti anafunga vibaya. Mama wa vikapu akamwambia, "Basi baba, karibu utuonyeshe." Akakaa. Aliyekaa mbele yake alikuwa kijana wa chuo kutoka Songea, Mngoni, na mzee alipolijua hilo tu utani ukaanza. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na kilichobaki leo ni ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Mzee alidai kijana amekuja kusuka ili amalize deni la babu zake. Kijana akamjibu kuwa babu zake walishinda, ila waliwahurumia. Watu wakajaa. Toka siku hiyo nikawa nasikiliza kabila la mtu kwa makusudi mema, na nikipata watani nawakalisha uso kwa uso. Tanzania tumeachiwa njia ya kuzungumza na mtu usiyemfahamu, imeshafungwa taa na kila kitu, halafu sisi wasanii tunaizunguka kwa kuchimba nyingine.

Kuna watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, waliochapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya kwa abiria wa treni na mabasi mjini Chicago. Walioombwa waongee na abiria wasiyemjua waliifurahia safari kuliko walioombwa wakae peke yao, ingawa abiria wengine walipoulizwa wakisie walikisia kinyume chake. Mimi nilisoma hilo baada ya kuona sokoni watu wanavyokataa kwa mdomo huku miguu imesimama. Sasa anayesema "sina muda" lakini haondoki, namwomba anishikie tu mzigo wa milulu. Hapo hajaahidi lolote. Anayeondoka namwacha aende.

Kijana mmoja kiziwi alikuwa akija mara kwa mara. Iringa tumezoea kuhudumiwa na viziwi kutokana na Neema Crafts, karakana ya mafundi wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2003, ambako kwenye mgahawa wao unaagiza chakula kwa ishara au kwa kuandika. Kwa hiyo watu hawakushtuka. Lakini kwenye kikapu nililiona jambo jipya: yeye ndiye aliyekuwa hodari, na mwenye sauti ndiye aliyehitaji kuelekezwa. Alimfundisha mama muuza vitunguu kwa kumgusa kidole kwenye uzi. Mama yule siku iliyofuata alikuja kuniuliza ishara ya "asante" ikoje.

Niseme na upande mgumu. Siku moja mama mmoja alikuwa anasuka na kijana wa bodaboda. Kwa muda mrefu waliongea habari za petroli. Kisha mama akasema, bila kuinua uso, kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa na umri kama wa huyu, naye alikuwa na pikipiki, wakamzika mwezi wa tatu. Kijana akasimamisha mikono. Mimi nilikuwa hatua mbili tu na sikujua niingilie, ninyamaze, au niwaombe wengine waondoke. Mama wa vikapu akanitazama akatikisa kichwa. Baada ya muda kijana akasema, "Pole mama," akapokea uzi, akasuka upande wake, akamrudishia. Wakaendelea hivyo mpaka mzunguko ukaisha, na aliposimama kijana alimbebea mizigo yake hadi kwenye bajaji.

Usiku ule sikulala vizuri. Tulikuwa tumeandaa milulu, vigoda, vibali na khanga, hatukuwa tumeandaa mtu wa kumpokea mwenye msiba. Ukiwapa watu nafasi ya kuongea, hutachagua watakachoongea. Sasa kila tunapokaa, nakuwa nimeshaongea na mtu wa ustawi wa jamii au muuguzi mstaafu akubali kuwa karibu, na ninajua nitamwelekeza mtu wapi akihitaji zaidi. Na tuna sharti moja kwa wote wanaosaidia: ulichokisikia kwenye kikapu hakitoki. Sharti hilo lilikuja baada ya msaidizi wetu mmoja kuweka kwenye status ya WhatsApp maneno aliyoyasikia, bila jina. Mji huu ni mdogo. Kufika jioni mwenye maneno hayo alikuwa ameshaoneshwa. Alikuja kwangu akiwa amevaa uso ambao sitausahau, na hakurudi tena kukaa nasi. Msaidizi tulimwondoa, lakini lile neno halikurudi.

Jambo la mwisho ni la mali. Kikapu kilipokamilika, mgeni mmoja mwenye nyumba ya wageni alitaka kukinunua kwa shilingi 400,000. Hapo ndipo tulipoona kwamba hatujui ni cha nani. Wasukaji walisema kitako ni chao na kila kosa walilirekebisha wao. Mfadhili alikuwa amelipia milulu. Wauzaji wa pale wakasema kimesukwa na mikono ya soko zima, kiuzwe hela ijenge choo. Mimi moyoni niliona ni kazi yangu, na nilipolitamka hilo nilitazamwa kwa namna iliyonifanya nifikiri upya. Tulibishana mpaka mgeni akaondoka bila kikapu. Sasa tunaandika kwenye karatasi kabla ya mlulu wa kwanza kulowekwa: kikapu kikiisha kitapigwa mnada palepale sokoni, nusu ya hela iende kwenye kikoba cha wasukaji na nusu inunue milulu ya kikapu kinachofuata. Jina langu linabaki kwenye barua za vibali. Kile cha kwanza yuko nacho mama wa Kalenga kwa makubaliano ya wote, anawekea vitunguu.

Swali linaloniumiza kichwa sasa ni la kijiwe cha kahawa. Pale, na kwenye kibanda cha magazeti ambako watu wanasimama kusoma vichwa vya habari, wanaume wasiofahamiana wanabishana kila siku bila kuhitaji msanii yeyote. Wanawake wanapita na mizigo yao. Nataka kikapu kinachofuata kisukwe hapo, uzi mmoja upite kati ya mnywa kahawa na muuza mboga. Mama wa vikapu ameshaniambia hakanyagi kijiweni mpaka wenye kijiwe wamkaribishe kwa midomo yao, na namwelewa. Kwa hiyo jioni nikishuka ngazini nakwenda kununua kikombe changu pale, nakaa pembeni ya benchi, nawasikiliza wakibishana Simba na Yanga. Wameanza kunisogezea nafasi. Habari ya kikapu bado sijaitaja.